Uzoefu wangu na kifurushi cha nyumba ya magogo: kwa nini ukuta unaoshuka haunitishi

Nyota nne kati ya tano. Ninaishi ndani ya nyumba hii, imeshapigwa na mvua na jua la kutosha, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyekabidhiwa funguo jana.

Nilichonunua ni kifurushi. Kampuni huchonga magogo kiwandani kwa kufuata ramani ya mteja, hukata mikato ya kwenye kona, huandika namba kwenye kila gogo, kisha lori huyaleta kiwanjani na mafundi huyapanga safu juu ya safu. Nyumba ya namna hii niliitamani kwa miaka mingi: ukuta ambao ni mti wenyewe, hauna plasta wala rangi ya kuuficha. Wauzaji wanaijua tamaa hiyo, na wengi huiuza kwa picha nzuri. Huyu niliyemchagua alianza kwa kunieleza unyevu wa mbao, na ndiyo sababu nilimpa kazi.

Mti ukikauka hunywea kwa unene, lakini kwa urefu karibu haubadiliki. Magogo ya ukutani yamelazwa, kwa hiyo kila moja likinywea kidogo, ukuta mzima unashuka. Kwa magogo mabichi, mafundi huweka akiba ya asilimia 6 hivi ya kimo, maana yake ukuta wa mita 2.5 unaweza kupungua hadi sentimita 15. Magogo yaliyokaushwa kwenye tanuri hadi unyevu wa asilimia 19 au chini ya hapo hushuka kidogo zaidi, ila nayo hushuka. Nilichukua ya tanuri ingawa ni ghali, na kipima unyevu kilichomekwa mbele yangu kwenye magogo kadhaa kabla sijatia saini ya kuyapokea.

Sasa fikiria dirisha lililo katikati ya ukuta unaoshuka. Fremu yake haipungui. Kama gogo la juu limeikalia moja kwa moja, dirisha litabanwa lisifunguke, au kioo kipasuke. Kwa hiyo juu ya kila mlango na kila dirisha langu pameachwa pengo, likajazwa sufi laini ya kuzuia upepo, na kufunikwa kwa upapi uliopigiliwa kwenye gogo la juu tu, ili ushuke nalo bila kuikwaruza fremu. Nguzo nazo zimesimama wima, hivyo hazifupiki wakati kuta zinafupika. Kila moja ina jeki ya skrubu ambayo fundi huilegeza kidogo kidogo kwa spana, paa lisije likabaki limening'inia juu ya nguzo. Kuta za kugawa vyumba zina nafasi juu. Ngazi na mabomba ya kwenda ghorofani vimefungwa kwa namna ya kuruhusu mwendo. Yote haya yalikuwa yamechorwa kabla mti wowote haujaguswa. Muuzaji mwingine niliyemwomba makadirio alinipa michoro ya kupendeza sana isiyoonyesha hata pengo moja juu ya dirisha, na alipoulizwa akasema mafundi watajua wenyewe hukohuko kiwanjani. Nilimwacha siku hiyohiyo.

Ujenzi wenyewe ulikwenda vizuri. Msingi ulinyanyuliwa ili gogo la kwanza likae zaidi ya sentimita 30 juu ya ardhi, pamoja na kizuizi cha unyevu na bati la kuzuia mchwa kati ya saruji na mbao. Jambo ambalo watu wengi hawalifikirii ni umeme: nyaya hupita ndani ya magogo, kwenye matundu yanayotobolewa safu kwa safu kadiri ukuta unavyopanda. Fundi umeme akija ukuta umeshakamilika, atabaki kupitisha mabomba nje, na ule uzuri unaharibika. Msimamizi wao alilisisitiza hili tangu kikao cha kwanza, akataka michoro ya swichi na soketi iwe tayari kabla kreni haijafika. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya tangazo lao. Limeandikwa "nyumba kamili", lakini kifurushi hakina msingi, hakina mabomba, hakina nyaya, hakina makabati ya jikoni wala kazi ya kumalizia sakafu. Magogo ni sehemu tu ya gharama ya nyumba iliyokamilika, na maelezo hayo yapo kwenye kiambatisho cha mwisho cha mkataba. Yalipaswa kuwa ukurasa wa kwanza. Mtu mwenye bajeti ya kubana anaweza kuishia na magogo yaliyorundikwa kiwanjani, yananyeshewa, huku akitafuta fedha za msingi.

Kuhusu kuishi humo, nimefurahi kupita nilivyotarajia. Magogo mazito hunyonya joto la mchana na kulitoa polepole, kwa hiyo ndani hapabadiliki ghafla. Upepo ukipenya ni kati ya safu, si ndani ya mti, na gundi ya kuzibia waliyotumia inavutika, ukuta ukisogea nayo inasogea. Magogo hupasuka pia, tena kwa mlio unaosikika usiku hali ya hewa ikibadilika. Nyufa hizo ni za kawaida kwa mti unaokauka. Zinazotazama chini unaziacha. Zinazotazama juu hukusanya maji ya mvua, kwa hiyo zikipita milimita 6 hutiwa borati, dawa ya kuzuia mti kuoza, kisha huzibwa.

Matunzo ndiyo yanayoamua. Vanishi isiyo na rangi ni nzuri siku ya kupakwa tu. Haizuii miale ya jua, na ikifanya ngozi juu ya mti hufungia unyevu ndani na kubanduka. Kampuni ilinipa mafuta yenye rangi yanayoruhusu mti kupumua. Kujua kama wakati wa kupaka tena umefika, namwagia ukuta maji: yakikaa kwa matone, bado, yakinyonywa, nanunua mafuta. Upande unaopigwa na jua huchoka mapema kuliko mwingine. Na ukingo wa paa usiukubali ukiwa mfupi, hata kama msanifu anasema unapendeza hivyo.

Wapo wanaoniambia mbao hazidumu. Kanisa la magogo la Kizhi huko Urusi lilijengwa mwaka 1714 na bado limesimama. Naam, limekarabatiwa kwa kubadilisha magogo yaliyooza, na mimi naona hapo ndipo ubora wa ujenzi huu ulipo: gogo bovu hutolewa, zima likawekwa mahali pake.

Ningewaagiza tena hawahawa. Wamesharudi kulegeza jeki na kukaza nati za vyuma vinavyopita wima kwenye kuta, bila kunidai chochote, kwa kuwa ziara hizo zimo kwenye mkataba. Anayeuza nyumba ya magogo halafu hana kifungu cha kurudi kufanya kazi hiyo, mimi nisingempa fedha yangu.