Shamba la Wanyama au 1984: tuanze na kipi?

Vijana ninaosoma nao vitabu hapa Kamalondo, Lubumbashi, wameniuliza tuanze na kipi kati ya hivi viwili vya George Orwell.

Shamba la Wanyama (1945) ni kifupi, na tafsiri yake ya Kiswahili ipo. Wanyama wanamfukuza mwenye shamba, kisha nguruwe wanakalia kiti chake. Nakipenda kwa ule ukuta wa ghala wenye Amri Saba. Usiku mmoja nguruwe Squealer anakutwa chini, ngazi imevunjika, kopo la rangi limemwagika. Amri ya kukataza pombe imeshaongezewa "kupita kiasi". Mtoto wa miaka 12 anaelewa.

1984 (1949) ni kizito. Skrini inayomtazama mtu chumbani mwake inatisha, ila kinachoninyima usingizi mimi ni kamusi: kila toleo jipya maneno yanapungua, mpaka mtu akose hata neno la kuwazia uasi. Nguruwe hawafiki hapo.

Na sisi tunalijua jambo hilo. Mwaka 1971 nchi yetu, Kongo, iliitwa Zaire, mkoa wetu wa Katanga nao ukawa Shaba. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Kwa Kifaransa, "monsieur" (bwana) ikageuka "citoyen" (raia). Jina la ubatizo la baba yangu, bibi aliliita kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa.

Wadogo waanze na Shamba. Wakubwa nawapa 1984, tena wakisome pamoja na wazazi wao, kwa sauti, wakisimama kila wazee wanapotaka kusimulia.