Richard III ya 1912 kwenye DVD, usiinunue kabla hujasoma hapa

Kama wewe ni wale wa kusogeza mbele muvi ikipoa kidogo tu, hii achana nayo. Ni picha bubu ya Marekani ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Richard wa Tatu, mfalme wa Uingereza, kama dakika 55 hivi, na watu walishajua imepotea jumla mpaka 1996 mzee mmoja wa Oregon aliyewahi kuonyesha sinema akaitoa kwenye vitu vyake akawapa American Film Institute, taasisi ya filamu ya Marekani, na filamu za enzi zile mkanda wake ni wa nitrati, zinashika moto kirahisi na zinaoza, sasa huyu kaitunza miaka na miaka na picha bado inaonekana vizuri, mi nimebaki kushangaa.

Richard ni Frederick Warde, mkongwe wa jukwaani. Anaanza kavaa nguo zake za kawaida, anawainamia watazamaji, halafu ndo unamuona mfalme mwenye kibyongo anaua ndugu na jamaa. Angalia pale Lady Anne, mjane, anasindikiza jeneza la baba mkwe wake barabarani: jamaa anausimamisha msafara, anamtongoza hapohapo mbele ya maiti, na neno hata moja hulisikii lakini unamuelewa! Ila kamera haisogei wala haimkaribii mtu, unaona watu kichwa mpaka miguu, kwa hiyo usipokuwa makini mkono unafanya kitu upande huu we unatazama farasi kule.

Kinachoboa ni maandishi yanayokatiza picha, yanakwambia fulani atauawa halafu ndo anauawa. Lakini zamani Warde alikuwa anazunguka na filamu hii mwenyewe, anasimama ukumbini anaelezea na kughani maneno ya Shakespeare, yaani kama madj wetu wa vibanda umiza wanaotafsiri muvi. Kwenye DVD hiyo sauti haipo, umewekewa muziki wa Ennio Morricone, mzito kwelikweli, sehemu nyingine unaifunika picha kabisa.

Halafu msiichukue kama somo la historia. Richard wa kweli aliuawa vitani Bosworth 1485 na watu wa Henry Tudor, aliyechukua ufalme, na Shakespeare aliandika akiwa chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, mjukuu wa huyohuyo Henry, sasa ulitaka amsifie Richard? Mifupa ya Richard ilifukuliwa mji wa Leicester, Uingereza, 2012 chini ya maegesho ya magari, uti wa mgongo umepinda kwa pembeni, kibyongo hamna.

Nyota nne. Kuna dokumentari fupi humo ya jinsi ilivyopatikana, anza na hiyo kwanza.