SAFER: ichungulie kampuni ya malori kabla hujasaini

Madereva wenzangu mnaotafuta kazi hapa Marekani, kabla hujamkubalia mwajiri muombe namba yake ya USDOT, yaani namba ambayo kampuni imesajiliwa nayo na Idara ya Uchukuzi ya Marekani. Iingize kwenye tovuti ya SAFER ya FMCSA, wakala wa serikali kuu unaosimamia usalama wa malori na mabasi. Ni bure, na hufungui akaunti.

Sura yake ya kizamani kwelikweli, maandishi madogo, kwenye simu utavuta kwa vidole mpaka uchoke. Potelea mbali. Mimi hukimbilia jedwali la ukaguzi wa miezi 24 iliyopita: magari mangapi yalikaguliwa, na asilimia ngapi yalizuiwa palepale yasisogee mpaka yatengenezwe. Wastani wa taifa umewekwa papo hapo. Ni kama gari moja katika kila matano. Juzi kampuni moja ilinipigia simu ikisifia magari yake, eti mapya matupu. Jedwali likasema karibu nusu ya yaliyokaguliwa yalizuiwa. Breki hizo zingekanyagwa na mimi, si na yule bwana wa kwenye simu.

Tazama na upande wa madereva. Wakizuiwa wengi kupita wastani, shuku habari ya saa. Sheria inaruhusu dereva wa lori kuendesha saa 11, ndani ya saa 14 tangu aingie kazini, akiwa ameshapumzika saa 10 mfululizo. Kuna ofisi zisizopenda hesabu hiyo.

Ajali zisome kwa uangalifu. Vifo, majeruhi na magari yaliyokokotwa vimeorodheshwa bila kusema nani mwenye kosa. Lori lililogongwa kwa nyuma likisubiri taa linahesabiwa sawa na lililogonga. Tena linganisha na idadi ya magari ya kampuni, imeandikwa juu ya ukurasa.

Naipa SAFER nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu alama zinazolinganisha kampuni za mizigo zilifichwa umma kwa sheria ya Desemba 2015, ilhali za mabasi ziko wazi. Abiria aone, dereva wa lori asione?

Halafu angalieni namba changa. Wapo wanaofungiwa wakarudi kwa jina jingine na namba mpya, na ukurasa wao huwa mweupe pe. Anwani imeandikwa hapohapo. Tafuta nani mwingine amewahi kuitumia.