Tyubu zipi za T5 ununue kwa tangi la matumbawe, na jinsi ya kuzizoesha saa 100 za mwanzo

Tyubu mpya ya fluoresenti usiihukumu siku unayoifunga. Ikiwashwa mara ya kwanza inakuwa haijatulia: zebaki iliyomo haijasambaa sawasawa, nyuzi za nchani hazijazoea kazi, na pengine utaona mwanga ukijiviringa ndani ya kioo kama moshi. Kwa sababu hiyo watengenezaji hupima mwanga wanaouandika kwenye karatasi zao baada ya tyubu kuwaka saa 100. Kwa mfugaji wa matumbawe, saa hizo 100 ndizo za kuchunga, maana tyubu inakuwa kali kuliko itakavyokuwa baadaye, na kali mno ukiilinganisha na ile iliyochoka uliyoitoa. Nimezipanga tyubu hapa chini kwa faida zinayoyapa matumbawe, si kwa uzuri wa tangi machoni.

Lakini kabla ya rangi, soma wati. Tyubu za T5 zina unene wa milimita 16 na ziko za aina mbili, HO (za nguvu kubwa) na HE (za kubana umeme). HO ndiyo ya matumbawe: wati 24, 39, 54 au 80, kufuatana na urefu. Mtego ni huu: HE ya wati 28 ina urefu uleule wa HO ya wati 54, karibu sentimita 115, na pini zake za nchani zinaingia kwenye soketi ileile. Muuzaji asiyejua atakupa yoyote inayoenea. Balasti (kifaa kinachoidhibiti umeme wa tyubu) ya wati 54 itaiendesha HE kupita uwezo wake, na tyubu itakufa mapema. Vivyo hivyo wati 14 na 24, na wati 21 na 39. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye kioo chenyewe, usitegemee boksi tu.

Nafasi ya kwanza naipa tyubu ya bluu yenye kilele cha mwanga karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 460, ya aina ya Blue Plus ya kampuni ya Kijerumani ATI. Vijimwani vinavyoishi ndani ya matumbawe hutumia sana mwanga wa bluu katika usanisinuru, na maji ya bahari humeza mwekundu kwanza, kwa hiyo tumbawe la kina cha mita kadhaa limekulia kwenye bluu. Tyubu hii inalisha na wakati huohuo inazifanya rangi za kijani na chungwa zing'ae. Kwenye kasha la taa linalobeba tyubu nne, mbili ziwe hizi; ukipenda tangi la bluu iliyokolea, weka tatu.

Ya pili ni nyeupe yenye ubluu, kama Aquablue Special au Coral Plus za kampuni hiyohiyo. Hii ndiyo inayofanya samaki waonekane samaki. Bila nyeupe hata moja, wekundu hufifia na tangi zima huonekana kama usiku wa mbalamwezi. Moja katika nne inatosha.

Ya tatu ni ya zambarau au waridi. Inarudisha wekundu uliomezwa na bluu, na matumbawe ya waridi hupendeza chini yake. Ikizidi moja, mchanga nao unageuka waridi, na macho yanachoka upesi. Kasha la tyubu mbili lisiwe nayo kabisa.

Aktiniki halisi, yaani tyubu ya bluu inayokaribia zambarau ya nanomita 420, naiweka ya nne, ingawa najua wengi wanaipenda. Mng'ao wake jioni ni mzuri kweli. Ila kwa macho mwanga wake ni hafifu, na tyubu za bluu nzito huchoka mapema kuliko nyeupe. Nunua hii ukiwa na kasha la tyubu sita au nane, nafasi za msingi zikishajaa.

Ya mwisho kwa tangi kuu ni tyubu ya kawaida nyeupe ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga). Ina nguvu, lakini matumbawe huonekana ya njano na kahawia chini yake. Mahali pake ni kwenye tangi dogo la pembeni unakoteshea mwani wa kusafisha maji, na huko sijaona inayoishinda. T8, zile nene za milimita 26, zinafaa tangi fupi la matumbawe laini. Ukifuga Acropora, matumbawe magumu ya matawi yanayotaka mwanga mkali, ziache.

Sasa kuzizoesha. Saa 100 si lazima ziwe mfululizo. Saa 10 kwa siku ni siku 10. Njia ninayoiamini zaidi ni kuziwasha nje ya tangi, kwenye kasha la akiba, hadi zitulie ndipo zihamishwe. Asiye na kasha la akiba abadilishe tyubu moja tu, asubiri wiki moja au mbili, kisha inayofuata, akianza na iliyozeeka kuliko zote. Niliwahi kubadilisha zote sita kwa mchana mmoja na kuacha saa za kuwasha zilezile. Siku ya nne ncha za Acropora ya juu zilikuwa nyeupe, na tawi moja halikurudi tena. Tyubu hazikuwa na kasoro yoyote. Matumbawe yalikuwa yamezoea mwanga uliopungua kidogo kidogo kwa mwaka mzima, nami nikayamwagia mwanga mpya wote kwa mara moja.

Ukilazimika kubadilisha zote, inua kasha sentimita 10 hadi 15, au tandaza tabaka mbili za wavu wa kuzuia mbu kati ya taa na maji, kisha ondoa tabaka moja baada ya wiki. Anza na saa 6 za mwanga, ongeza nusu saa kila baada ya siku mbili. Tumbawe likipauka au likikataa kutoa minyiri yake mchana, rudi hatua moja nyuma. Mwenye mita ya PAR, inayopima mwanga unaofaa kwa usanisinuru, ana nafuu kubwa: matumbawe laini hutosheka na 50 hadi 150, ilhali Acropora huhitaji 200 hadi 350. Pima kabla ya kutoa tyubu kuukuu, ili ujue umetoka wapi.

Kuna jambo moja huwachanganya wengi wenye makasha ya kupunguza mwanga. Mtu huona tyubu mpya ni kali, anaishusha hadi asilimia 50, na anadhani amefanya la busara. Tyubu inapaswa kuwaka kwa nguvu kamili saa zake 100 kwanza. Ukiipunguza kabla haijatulia inaweza kumetameta, na uhai wake kufupika. Kwa siku hizo linda matumbawe kwa wavu au kwa kuinua kasha, si kwa kitufe.

Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ncha ya kila tyubu, maana baada ya miezi 9 hadi 12 utazibadilisha hata kama machoni bado zinawaka vizuri. Kabla ya kununua nyingine angalia viakisi, yaani mabati yanayorudisha mwanga kwenye maji: kila tyubu iwe na chake, kilichopinda, kisicho na ukungu wa chumvi. Kitambaa chenye siki kidogo, taa ikiwa imezimwa na kupoa, hurudisha mwanga ambao watu huenda kuutafuta dukani. Na joto lisisahauliwe. T5 hutoa mwanga mwingi kabisa hewa inayoizunguka ikiwa karibu nyuzi 35 za Selsiasi. Kasha lililofungwa bila feni huipunguzia nguvu, na feni inayopuliza moja kwa moja kwenye kioo pia.

Je, ununue za akiba? Mimi ningenunua seti moja ya ziada. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kusitisha tyubu za fluoresenti za matumizi ya kawaida ifikapo 2027, na hata kama za akwariamu zitaendelea kutengenezwa kwa muda, viwanda vitapungua. Tyubu isiyowashwa haichakai ikikaa kwenye boksi lake, mbali na watoto. Ikivunjika, fungua madirisha, toka chumbani kwa dakika 10 hadi 15, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na ufute vumbi kwa kitambaa kibichi. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi wala ufagio, maana vyote viwili huitawanya zebaki. Zilizokufa zipeleke panapopokelewa taka zenye zebaki, zikiwa nzima.