Kuripoti mashambulizi ya mtandao Marekani: hiari au lazima?

Alfajiri ya 7 Mei 2021, mfanyakazi wa Colonial Pipeline alikuta kwenye skrini ujumbe wa wadukuzi wakidai kikombozi, yaani malipo ili waifungue mifumo waliyoifunga. Bomba linalopeleka karibu asilimia 45 ya mafuta ya pwani ya mashariki ya Marekani likafungwa, magari yakapanga foleni vituoni. Swali likarudi kwa kishindo: kampuni ziiarifu serikali kwa hiari au kwa lazima?

Kwa kuaminiana, hiari inashinda. Sheria ya 2015 ilizipa kampuni kinga ya kutoshtakiwa zinaposhirikishana dalili za mashambulizi, hivyo mafundi huongea mapema na kwa uwazi. Gharama nayo ni ndogo. Lakini anayeona aibu hunyamaza, na kimya hicho ndicho kinachoniuma: jirani yake atavamiwa kupitia mlango uleule.

Lazima inaziba pengo hilo. Sheria ya 2022 iliagiza shambulio kubwa liripotiwe ndani ya saa 72, na kikombozi kilicholipwa ndani ya saa 24. Muda una uzito wake: Colonial ililipa bitikoini 75 (sarafu ya kidijitali), lakini kwa kuwa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliarifiwa mapema, 63.7 zilipatikana tena. Ugumu ni mzigo. Shirika dogo la maji lenye fundi mmoja wa kompyuta litajaza fomu huku pampu zimesimama.

Kwa benki kubwa yenye wanasheria na walinzi wa mtandao usiku kucha, nachagua lazima bila kusita. Kwa lile shirika la maji ningeanza na hiari, mradi kuwe na mtu wa kupokea simu yao.