Amplifaya ya gitaa la solo: ipi ununue upate sauti safi

Ukiingia duka la vyombo vya muziki kutafuta amplifaya ya gitaa, swali la kwanza la muuzaji huwa ni wati ngapi. Swali hilo linakuja mapema mno. Kwanza jiulize unataka gitaa lako lilie vipi. Mpiga solo wa rumba, dansi au benga anahitaji kila noti isikike peke yake, maana vidole vinakimbia na mara nyingi nyuzi mbili zinalia kwa pamoja. Amplifaya inayoanza kukwaruza mapema inazivuruga noti hizo, na ule utamu wa kupokezana na gitaa la pili na rithimu unapotea. Mpiga roki anautafuta ukwaruzo huohuo kwa udi na uvumba. Mpangilio huu nimeuweka kwa ajili ya yule wa kwanza, kwa sababu amplifaya nyingi zinazosifiwa mitandaoni zinasifiwa na watu wa roki.

Kuhusu wati, jambo moja tu. Amplifaya ya wati 100 haipigi kelele mara mbili ya ile ya wati 50. Inaizidi kwa desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushtuka. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu unahitaji nguvu karibu mara kumi. Wati zina faida nyingine iliyo kubwa zaidi kwetu: zinaongeza nafasi ya kupandisha sauti kabla haijaanza kukwaruza. Kwa hiyo anayetaka sauti safi mbele ya ngoma anahitaji wati nyingi kuliko mpiga roki. Spika nayo ina uzito wake. Ya inchi 8 ndani ya kasha dogo hukosa mwili, hata nobu ya besi ukiizungusha hadi mwisho. Kwa jukwaa, anzia inchi 10. Inchi 12 ni bora.

Ya kwanza kwa watu wengi: Boss Katana 50

Ina transista na mitambo ya kidijitali, spika moja ya inchi 12, na uzito wa kilo kama 12, kwa hiyo inapandishwa hata kwenye bodaboda. Kilichonifanya niiweke namba moja ni swichi ya nguvu: wati 0.5, 25 au 50. Usiku nyumbani unaweka nusu wati na majirani wanalala. Jumapili unaweka 50 na unasikika juu ya ngoma. Upande wake wa sauti safi ni safi kweli, mwangwi umo ndani, na ukitaka kukwaruza unabadilisha kwa nobu moja. Mtu anayepiga kanisani, kwenye harusi na mazoezini kwa chombo kimoja hatajuta.

Ya kwanza kwa sauti yenyewe: Roland Jazz Chorus

Kama fedha ipo na roho yako iko kwenye sebene, hii ndiyo. JC-120 ilitoka mwaka 1975, na ina amplifaya mbili za wati 60 ndani ya kasha moja, kila moja na spika yake ya inchi 12. Korasi yake inatokana na hapo: spika moja inatoa sauti kavu, nyingine inatoa sauti iliyoyumbishwa kidogo, na hewa ya ukumbini ndiyo inayozichanganya. Gitaa moja linasikika kama mawili. Pedali nyingi, vile vifaa vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa, zimejaribu kuiga jambo hilo, lakini pedali moja ikiingia kwenye spika moja haiwezi kulifanya sawasawa. Usafi wake hauna mfano. Unapandisha na kupandisha, na noti zinabaki zimesimama wima. Hata bendi nzito kama Metallica imeitumia kwa vipande vyake vya taratibu. Ubaya ni uzito, kilo kama 28, na ukwaruzo wake wa ndani hauvutii. JC-40, yenye spika mbili za inchi 10, inafaa kwa kumbi za kawaida. JC-22 ni ya nyumbani na studio.

Ya tatu: Fender, Twin Reverb au Deluxe Reverb

Hizi ni za valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani. Sauti yake inang'aa juu, ina mwangwi wa springi, na kila unapogusa uzi kwa nguvu inakujibu. Twin ina wati 85 na inabaki safi hata bendi ikichemka. Deluxe ina 22, na ukiipandisha sana inaanza kuchanika, kwa utamu lakini inachanika. Mimi ninaipenda Twin kuliko nyingine zote hapa, ila siwezi kumshauri mtu ainunue akiwa hana gari wala fundi. Ina uzito wa kilo 29. Valvu zinachakaa na kuzipata si jambo la duka la mtaani. Ndani yake mna zaidi ya volti 400, na umeme huo unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo usiifungue mwenyewe. Wala usiiwashe bila spika kuunganishwa. Transfoma yake inaweza kuungua. Tangu 2019 Fender wanauza toleo la Tone Master, linaloiga sauti hiyo kidijitali kwa karibu nusu ya uzito.

Kwa wanaotaka ukwaruzo

Vox AC15 au AC30, sauti ya bendi za Uingereza za miaka ya 1960, inakaa katikati: inalia kwa mng'ao na inakwaruza ukiichapa. Kwa roki nzito tafuta Marshall, kampuni iliyoanzia dukani kwa Jim Marshall, London, mwaka 1962, kwa kuanza na muundo wa Fender Bassman na kuupeleka kwingine. Kwa solo ya dansi sizipendekezi.

Usinunue ukijidanganya: kuchomeka moja kwa moja

Makanisani na kwenye bendi changa gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye miksa, au kwenye sabufa ya nyumbani, ili kuokoa gharama. Sauti inakuwa nyembamba na imefifia juu, kisha lawama zinaangukia gitaa. Tatizo ni kwamba pikapu za gitaa, zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa mlio, zinahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu megaomu moja, na tundu la kawaida la miksa (line) lina ukinzani mdogo sana, hivyo linazinyonya zile sauti za juu. Ukiongeza pedali ya kukwaruza ndiyo balaa: spika ya gitaa kwa kawaida hukata mlio wa juu kuanzia kama kilohezi 5, lakini spika ya ukumbi inaupitisha wote, na unasikia nyuki. Kama huna amplifaya, nunua kwanza kisanduku cha DI, kinacholioanisha gitaa na tundu la miksa, au mashine ya athari inayoiga spika ndani yake. Ni bora kuliko amplifaya ya bei rahisi yenye spika ya inchi 6.

Umeme kabla ya bei

Angalia kibandiko nyuma. Amplifaya zilizotoka Marekani kwa kawaida ni za volti 120, na ukizichomeka kwenye umeme wa Tanzania au Kenya zinaweza kuungua papo hapo. Transfoma ya kushusha umeme inasaidia, lakini iwe na uwezo unaozidi kwa mbali umeme ambao amplifaya inakula, ambao si zile wati za sauti zilizoandikwa mbele. Hakikisha plagi ina ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, na tundu la ukumbini linayo pia. Mngurumo unaolaumiwa kwenye amplifaya, na ile shoti mdomoni unapogusa maiki, mara nyingi chanzo chake ni ethi iliyokosekana.

Jinsi ya kuijaribu

Nenda na gitaa lako mwenyewe. Weka nobu zote katikati, zima mwangwi na korasi, kisha piga solo unayoijua, ile ya nyuzi mbili mbili. Pandisha sauti kupita nusu na usikilize kama noti mbili bado ni mbili. Kisha funga sauti ya gitaa usikie mngurumo peke yake. Kwa amplifaya ya mtumba, zungusha kila nobu taratibu: mkwaruzo mdogo ni vumbi na kutu, hasa ikiwa imekaa pwani, na fundi anausafisha, nobu inayokata sauti kabisa ni ya kubadilishwa, na hapo bei ishuke. Iache ikiwaka nusu saa ndipo uipige tena, kwa sababu hitilafu nyingi hujificha mpaka vifaa vipate moto. Muuzaji akikukatalia hiyo nusu saa, iache amplifaya yake hapohapo.