Kozi ya "Kiingereza cha viwango" iliyonicheka kwa kosa la kueleweka

Mimi si mtu wa kulalamikia huduma. Fundi aliyeniharibia friji nilimwachia Mungu wake. Hawa hapana. Jina la kozi silitaji, ila walioipitia wataijua kwa lile tangazo la kijana mwenye suti anayesema ukiongea maneno madogo utalipwa mshahara mdogo.

Kazi yangu ni kujibu barua pepe za wageni kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha. Kiingereza changu kinakwenda. Shida ni kwamba kila mgeni namjibu kwa maneno yale yale, very nice, no problem, you are welcome, kama kasuku. Mgeni akileta jambo zito, tuseme amefiwa na anaomba safari isogezwe mbele, natafuta la kumwambia silipati, narudi kwenye sorry ile ile. Kwa hiyo masika ilipoingia, wageni wakapungua na ofisi ikapoa, nikalipia. Asubuhi unaletewa maneno kwenye simu na maana yake kwa Kiswahili, jioni unajaribiwa, Jumamosi mnakutana na mwalimu kwa video.

Sasa hiyo Jumamosi.

Mwalimu alitaka kila mmoja alete barua halisi aliyowahi kuiandika kazini. Nikapeleka niliyomwandikia mama mmoja wa Kimarekani. Yeye alitua KIA, begi lake halikutua, na alfajiri ya kesho yake alikuwa anaanza kupanda Mlima Kilimanjaro. Niliandika: We will help you find your bag. If it does not come tonight, we will get you boots and a warm jacket before you start. Please don't worry. Basi. Yule mama alijibu muda si mrefu, akashukuru, akasema sasa anaweza kulala.

Mwalimu akaisoma kwa sauti, na si kwa sauti yake. Aliivuta neno kwa neno kama mtoto wa chekechea anayeghani shairi mbele ya wazazi. Alipomaliza akasema, "Kaka, hiki ni Kiingereza cha darasa la tano. Help? Get? Start? Mtu mzima na ndevu zako?" Wakacheka. Wengine walikuwa wamezima kamera, lakini vicheko walisahau kuvizima. Kisha akaiandika upya pale pale tukiangalia: We shall facilitate the recovery of your luggage and, should it fail to materialise, we shall endeavour to obtain suitable footwear prior to the commencement of your ascent. Akauliza, "Mnaona tofauti?"

Tunaiona. Barua yangu imeandikwa na mtu anayekutafutia viatu. Yake imeandikwa na mtu anayejiandaa kukunyima fidia.

Nilinyoosha mkono nikamwambia, kwa adabu zote, "Samahani Mwalimu, mgeni alielewa na alifurahi." Akanijibu, "Wageni wana huruma, kaka. Mwajiri hana." Akaenda kwa mwingine. Usiku nikaliuliza swali hilo hilo kwenye kundi la WhatsApp: kwa nini tubadilishe kinachoeleweka? Msimamizi akaufuta ujumbe wangu. Hakunijibu, hakunionya, aliufuta tu, kana kwamba nimetukana.

Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nichimbe wanakoyatoa maneno yao. Haikuwa kazi. Facilitate, obtain, purchase, commence, utilise, terminate, yote yamo kwenye orodha ya msamiati wa kitaaluma iliyotolewa na Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno, yaani neno mama na matawi yake. Na orodha yenyewe ni kazi ya heshima. Coxhead alikusanya maandishi ya vyuoni, maneno kama milioni 3.5 ya sheria, sayansi, biashara na sanaa, akaangalia yapi yanajirudia kila fani. Kabla ya hapo aliyaweka pembeni yale maneno elfu mbili hivi ya kawaida yaliyomo kwenye orodha ya Michael West ya 1953. Aliyaweka pembeni kwa kuwa mwanafunzi wa chuo anatarajiwa ameshayashika. Hakusema ni ya watoto! Kina help, get na start ndimo walimo humo. Hawa jamaa zetu wameichukua orodha, wakaficha jina la mwenyewe, wakabandika kila neno maana moja ya Kiswahili, halafu wakatuambia haya ndiyo yanafukuza yale. Orodha ya kumsaidia mtu asome vitabu vya chuo imegeuzwa ya kumjibu mgeni aliyepotelewa na begi.

Wenzangu wengi pale walikuwa wanajiandaa na mtihani wa IELTS, ule wa kupima Kiingereza, na mwalimu aliwaapia kwamba mtahini anahesabu maneno makubwa. Jamani. Vigezo viko wazi mtandaoni, yeyote anavisoma bure. Msamiati ni robo ya alama kwenye kuandika na robo kwenye kuzungumza, na moja ya mambo wanayoyatazama ni kama neno limekaa na wenzake linaoandamana nao. Sisi tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki. Mtu akituambia anagonga pasi tunamwelewa, ila tunajua katoka mbali. Ukilimeza neno peke yake, na maana yake moja, utagonga pasi maisha yako yote. Hilo somo sikuliona hata siku moja. Na huko Uingereza kwenyewe, mwaka 1979, Chrissie Maher, mpigania Kiingereza chepesi, alikwenda karibu na bunge lao jijini London akazichanachana hadharani nyaraka za serikali zilizoandikwa kwa Kiingereza cha aina hii hii, kwa sababu wananchi hawazielewi. Wenye lugha wanazichana, sisi tunalipia kuzijifunza.

Haya, nipumue.

Haki yao niwape. Mfumo wa majaribio ya jioni unafanya kazi. Neno ulilolipata linapotea siku kadhaa, ulilolikosa linarudi kesho, na likirudi unakuta limeanza kushika. Mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus aliandika kuhusu kusahau na kurudia tangu 1885, kwa hiyo si uvumbuzi wao, lakini wameutengeneza vizuri na simu haigandi.

La pili linaniudhi kulikiri. Kozi inakupangia mwenzako wa kutumiana naye sauti, na mimi nilipangiwa dada mmoja muuguzi wa Nakuru. Huyo ndiye aliyenifundisha Kiingereza. Alikuja na sheria yake: neno jipya hatuligusi mpaka tumelikuta kwa watu wengine mara kadhaa, kwenye habari, kwenye barua za kazini, popote, na tukilikuta tunaandika sentensi nzima, siyo neno. Halafu tunasimuliana kazi zetu, yeye wodi yake, mimi wageni wangu. Siku moja nipo kwenye simu na mzee aliyekuwa anasitasita kubadilisha lodge, nikajisikia nasema, I understand you are reluctant. Sikulitafuta. Mzee naye hakushtuka, akaendelea na maneno yake, na mimi nikabaki natabasamu mwenyewe ofisini kama chizi.

Na kuhusu wafiwa, nilimuuliza huko wodini anawaambiaje. Akanitumia sauti fupi: "Mwambie, take all the time you need. Usiongeze kitu." Nimeshaitumia. Maneno yote hayo ni ya darasa la tano.

Nilikaa kuandika haya nikiwa na nyota moja mkononi. Nikimfikiria yule dada naona tatu, maana bila wao nisingemjua. Nikikumbuka vile vicheko, mbili, na hiyo ya pili ni ya dada. Hela ya miezi iliyobaki nimeidai, wakanijibu kwamba they are endeavouring to facilitate my request. Wiki zinakatika, sijaona hata senti.

Wanaoniuliza kama wajiunge: ndiyo, lakini lipa mwezi mmoja tu, omba upangiwe mwenza mapema, na kila Jumamosi uwe na msiba.